Kibogoyo Havuki Daraja

Mzee Tauno haoni vizuri, ila humtambua muuguzi wake kwa mlio wa baiskeli, matairi yenye meno ya chuma yakitafuna barafu tangu darajani. Kabla theluji haijaanguka, muuguzi huyaendesha polepole kwenye lami kavu, meno yapate kukaa vizuri. Meno hutatarika juu ya lami kama mafuta ya moto, na majirani humtania, "Dada, unakaanga samaki?" Yeye hutabasamu, wala hafungi breki kwa ghafla, meno yasije yakang'oka.

Asubuhi moja mvua iliganda barabarani, mabasi yakalala. Bila sindano ya sukari mzee hali kitu, na uji ulikuwa umeshapoa. Hatimaye akausikia ule mlio, lakini umepwaya.

"Meno yamepungua, binti. Utakuwa kibogoyo kama mimi."

"Kibogoyo havuki daraja lile, mzee wangu. Mungu ananilinda, lakini matairi kaniachia mimi. Lete mkono."

Alipomchoma hakuketi kunywa kahawa. Aliipindua baiskeli pale pale ukumbini, akapapasa tairi kwa kidole gumba, na kila alipokuta tundu akasindilia jino jipya kutoka mfukoni, mzee akimshikia gurudumu.

Kesho yake mlio ulitoka darajani ukiwa umejaa. Mzee Tauno akainuka, akapakua uji wa moto.