Fomu ya Jirani

Gerson, wakala wa bima, alimpa Loisi shikamoo, kisha akamwekea fomu mbili mezani. Bima ya jengo, alieleza, hulipwa na umoja wa wenye fleti, nayo inahusu kuta na paa tu. Mengine ni juu ya mwenye fleti.

"Hii inalinda vitu vyako, mama: friji, televisheni, cherehani. Hii nyingine inalipa ukimharibia jirani."

Uwezo wa Loisi, karani wa masjala, ulikuwa wa fomu moja. Moyo ulimvuta kwenye friji, maana aliihangaikia mwenyewe, na jirani ana Mungu wake. Akauliza, kama anayeulizia habari za mvua, "Na mtu akisahau koki wazi?"

"Vyako hatulipi, huo ni uzembe. Vya jirani tunalipa, ila madhara yatokee baada ya wewe kusaini."

Kule Nkuhungu anakoishi, maji ya mgao hayapigi hodi. Watu wazima na akili zao huacha koki wazi juu ya pipa, ili yakija yasiwapite. Asubuhi aliifungua yake. Je, aliifunga? Alijitafuta kichwani, hakujiona akiifunga.

Akavuta fomu ya jirani, akashika kalamu. Simu ikaita. Ni Sikudhani wa ghorofa ya chini yake, muuza vitenge, ambaye mzigo wote huulundika chumbani.

Loisi aliogopa, na tusimcheke. Akisaini kwanza, Sikudhani atalipwa, na uongo wenyewe utakuwa wa dakika mbili. Lakini simu ikiita hivyo, maji nayo yanashuka. Aliandika nusu ya jina lake. Simu ikakatika, ikaita tena.

"Pokea tu, mama," Gerson alisema. "Fomu haikimbii."

Akapokea.

"Dada Loisi, dari yangu inamwaga maji."

"Ni koki yangu, niliisahau. Mwambie mlinzi afunge maji ya jengo zima, halafu utoe vitenge."

Gerson aliinua macho.

"Vimeshalowa, dada." Sauti ya Sikudhani ilikuwa imeanza kukatika. "Lakini si ulisema leo unakwenda kukata bima? Umeshakata?"

Loisi aliitazama ile nusu ya jina.

"Sijakata," alisema.