Macho ya Bibi Milembe

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, katika kijiji kimoja si mbali na Didia, nilidhani bibi wote wana macho mekundu. Bibi yangu Milembe, mama yake baba, alikuwa nayo. Kuni zilikuwa zimekwisha kwetu, miti ilikatwa kupisha pamba, tukawa tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Moto wake mvivu, unataka kupulizwa. Bibi anapuliza, anafuta macho kwa kanga, anapuliza tena.

Lakini watu wazima walikuwa na maana nyingine. Kikongwe mwenye macho mekundu, walisema, ni mchawi. Walisema chinichini, na bibi aliendelea kuishi.

Siku moja wakaja madaktari watafiti na Landrova, wakatukusanya kwenye ghala la pamba. Mkubwa wao, mtu wa Dar es Salaam, akasema wanataka kushirikiana na sisi, ili hata mkulima apate macho mazima kama mtu wa mjini. Maneno yale yalitupendeza. Ila wanawake waliogopa kutangulia. Bibi ndiye aliyesimama.

"Twendeni, nyie! Mnaogopa tochi? Waume zenu wanawamulika kila siku na hamkimbii!"

Wakacheka, wakamfuata. Kabla hajakaa kwenye kiti akamwambia daktari, "Mwanangu, kwetu mgonjwa hatazamwi mbele ya watu. Na anayetazama hanyamazi. Ukiona kitu kwangu, sema leo leo."

"Majibu tutaleta, bibi. Lazima kwanza tukapime."

Laiti daktari angemsikiliza. Kwetu mfumu, yaani mganga anayepasua kuku ili aone ugonjwa, husema alichokiona palepale, kabla wenye mgonjwa hawajainuka. Akinyamaza, kila mtu anaelewa: amemwona mchawi, na mchawi amekaa hapohapo.

Basi wakapindua kope, wakamulika, wakafuta kwa pamba, pamba ikatiwa kwenye chupa. Mwenye macho meupe aliambiwa nenda nyumbani. Mwenye macho mekundu aliambiwa kaa upande ule, akapakwa dawa ya bluu mkononi asije akapimwa tena. Mwisho upande ule walibaki vikongwe watupu na mikono yao ya bluu, bibi yangu katikati, na kijiji kizima kimesimama kinawatazama. Landrova likaondoka. Hakuna aliyeambiwa neno.

"Mmeona?" alisema Mama Holo, jirani yetu. "Hata serikali imewajua."

Majibu hayakuja. Mvua zilipoanza, mtoto mdogo wa Mama Holo alishikwa na homa, akafa. Tulipotoka kuzika, bibi akanituma nikaombe moto kwake, kama siku zote. Mama Holo aliponiona na kigae changu, alichukua maji akayamwaga kwenye jiko lake mwenyewe, majivu yakaruka.

"Kamwambie bibi yako hapa hakuna moto."

Kwetu ukinyimwa moto umetengwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuzika.

Jioni akaja Mzee Masanja, balozi wa nyumba kumi. "Mayu," alisema, kama tunavyomwita mama, ila macho yake yalikuwa mlangoni. "Watu wamekasirika. Ondoka kabla hawajashika mapanga."

"Nimemfanya nini mtoto yule? Kitovu chake nilikikata mimi!"

"Si mimi ninayesema. Wale madaktari ndio waliokutenga."

"Walinitenga kwa sababu naumwa, Masanja!"

"Mbona hawakusema?"

Bibi akamgeukia baba. Baba, mwanawe wa kumzaa, alikuwa anaangalia chini.

Asubuhi baba alimpandisha lori la pamba, aende kwa mdogo wake anayekaa Rwamgasa, kule wanakochimba dhahabu. Nililia nikishika kanga yake. "Nyamaza, Minza," akaniambia. "Wakileta majibu, mje kunichukua." Alifia hukohuko, haoni tena. Walisema kila mgeni aliyetoka kwetu alimuuliza kama lile gari limerudi.

Kusoma nilijifunza nikiwa mama wa watoto, kwenye darasa la watu wazima. Nilianza na jina langu, nikaendelea hadi gazeti. Na gari likarudi, ila watu walikuwa wengine. Nao walitaka kushirikiana na sisi. Nikasimama mkutanoni nikauliza majibu ya wale wa kwanza yako wapi.

"Yapo, mama," alisema daktari mmoja kijana, ana adabu zake. "Yaliandikwa zamani kwenye kitabu."

"Niletee. Najua kusoma."

Kweli alikileta safari iliyofuata. Nikakifungua mbele ya wenzangu. Herufi nilizijua zote, neno sikulijua hata moja. Kilikuwa cha Kiingereza.

"Basi tusomee wewe," nikamwambia. "Hapahapa, wote wasikie."

Akasoma kwa Kiswahili, polepole. Kwamba wanawake wa kijiji hiki wanapikia mavi ya ng'ombe. Kwamba macho yao yana ugonjwa, moshi unauzidisha, na dawa yake ni ya kupaka. Akafunga kitabu. Mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyetamka jina la bibi, na Mzee Masanja, amezeeka sana, alikuwa amekaa mbele kabisa.

Mama Holo sijamsamehe, sitadanganya. Lakini yeye alikuwa amezika mtoto, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Waliojua walikuwepo, wale madaktari. Walilichukua jibu letu wakaenda kusomeana wenyewe kwa wenyewe, na huo wakauita ushirikiano. Wala halikuwa jibu refu. Angetumwa mtu mmoja mwenye baiskeli, lingefika.