Beberu wa Kinole na Mlima Kalvari

Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni katekista wa hapa Mafiga, bingwa wa kuona kwenye Agano la Kale kivuli cha mambo yajayo. Yona tumboni mwa samaki? Yesu kaburini. Gharika ya Nuhu? Ubatizo. Ukinipa nafasi, hata punda wa Balaamu nitamtafutia kazi.

Jumamosi nilikuwa nafundisha wakatekumeni, mama mmoja mzee akasimama mlangoni akihema. Shikamoo yangu hakuwahi hata kuiitikia.

"Mwalimu, kuna mzee kule Kinole alipanda mlimani na mwanawe. Kijana kabeba kuni, baba kashika kisu..."

"Mnasikia!" nikawageukia wanafunzi. Nikajua anauliza habari za Abrahamu na Isaka. "Kuni ndizo msalaba! Mlima ndio Kalvari! Na huko juu, mama, hakukuwa na kondoo dume kichakani?"

Akashangaa. "Beberu. Umejuaje?"

"Beberu, kondoo, kivuli ni kilekile!"

Nikafuta ubao, nikachora mlima, msalaba na mishale. Nusu saa nzima. Kila alipofungua mdomo nilimwinulia chaki: subiri mama, utamu unakuja.

Mwishowe, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, nikampa nafasi. "Haya mama, waambie wenzako. Huyo mzee ni kivuli cha nani?"

"Si kivuli, baba. Ni mume wangu. Beberu kamvunja mguu, tunampeleka hospitali, na bajaji imekwama kwenye tope hapo nje. Nilikuwa naomba watu wa kusukuma."