Dhiraa Tatu za Waya

Kila ninaponusa ubani, pua yangu hutafuta harufu ya pili, ya mpira unaoungua. Mwaka ule, nyumbani kwetu Usagara, harufu hizo mbili hazikuachana.

Mpangaji wetu, Bwana Karimu, alikuwa na mashine ya redio aliyoiunda mwenyewe, ya kuwasiliana na watu wa mbali. Waya wake ulitoka dirishani, ukavuka ua wetu, ukafungwa kwa kamba ya katani kwenye mpera. Kila alasiri aligonga kitufe chake, ti-ti-taa, kisha tukamsikia akishangilia peke yake: "Mombasa wameitika!" Mimi nilimpenda. Bibi hakumpenda hata chembe. Mtu gani huyo, azungumzaye na wasioonekana, tena akafurahi?

Mdogo wangu aliposhikwa na homa isiyoshuka, Bibi alisema ni jini la mpangaji, akanipa kisu. "Panda mpera ukakate dhiraa moja tu ya waya wake, mjukuu wangu, tuifukize. Asikuone." Nilikata, nikarefusha kamba ili waya uonekane kama kawaida. Bibi akakitia kile kipande chetezoni pamoja na ubani, akamfukiza mtoto.

Kesho yake Bwana Karimu aliita na kuita, hakuitikiwa. Dirishani kwake kukatoka harufu ya kuungua.

"Waisikia?" Bibi alininong'oneza. "Jini lake hilo, laungua."

Niliisikia kweli, nikaamini. Tukakata dhiraa ya pili, harufu ikazidi. Tulipokata ya tatu, mashine ilifuka moshi, ikanyamaza kabisa. Baba, ambaye siku zote alikuwa akimtetea, sasa naye aliingiwa na shaka. Akamwambia Bwana Karimu atafute chumba kwingine.

Siku ya kuhama aliufungua waya, akaupima kwa mkono wake, akaupima tena. Akaniangalia.

"Binti, waya huu niliukata kwa kipimo cha mashine. Ukipungua, nguvu haitoki yote hewani. Nyingine hurudi ndani, ikaiunguza."

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Akamwamkia Bibi, "Shikamoo, mama," kisha akaenda kupanda gari la Horohoro, mpakani.

Nilikuwa mtu mzima nilipoyafahamu maneno yale. Harufu tuliyoifanya ushahidi tuliitengeneza wenyewe, kwa kisu nilichokishika mimi. Mdogo wangu alipona, na Bibi aliishi miaka yake yote akiisifu dawa yake. Sikumwambia kitu. Lakini Bwana Karimu alijua. Aliupima waya mara mbili. Na bado alimwamkia Bibi.