Tangazo la Ndoa ya Dada

Krr, krr, krr. Mpaka leo nausikia mlio ule wa jiwe kusugua jiwe, jua likiwa utosini, ukitoka kwenye tembe letu la zamani tulilolihama kwenda kijiji cha ujamaa. Nyumba tupu, paa limeanza kubonyea, na ndani mtu anasaga. Wapita njia walizungukia mbali. Walisema wazee wetu waliozikwa pale wameona njaa.

Nilichungulia. Alikuwa dada yangu. Juu ya jiwe hapakuwa na hata punje ya uwele. Alinitazama kama anatazama ukuta.

Tangu ng'ombe wa mahari walipoingia zizini hakuwa ametamka neno. Baba aliridhika kabisa: kwetu binti akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, kakubali.

Nilikuwa nimemsikia mwalimu wa elimu ya watu wazima akisoma gazetini kwamba mataifa yameandikiana mkataba, mtu asiozwe bila ridhaa yake. Basi! Nikatembea hadi Mahakama ya Mwanzo Mtinko, nikiimba njia nzima, nikasimama mbele ya hakimu na karani wake.

"Shikamoo mzee. Mataifa yamekataza dada yangu asiozwe."

"Marahaba. Kwa hiyo umekuja kumshtaki baba yako kwa mataifa?"

Karani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mwanangu," hakimu akasema, "mkataba hata tukiutia saini, hauingii humu kwa miguu yake. Mpaka Bunge litunge sheria yetu."

"Na halijatunga?"

Akafungua kitabu kipya. "Limetunga. Ndoa ni kwa hiari. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aandike, apeleke hapo. Pingamizi likinifikia, nitamuuliza dada yako mwenyewe, baba yenu akiwa nje."

"Akinyamaza?"

"Humu, kunyamaza si kukubali."

"Basi niandikie, mzee."

"Nikiandika mimi, nani ataamua?"

Tangazo nililikuta ukutani pa ofisi ya kata, zimebaki siku mbili. Mlango umefungwa, uwanja mzima hauna mtu wala kuku, upepo umekata. Nikachana karatasi ya daftari: *Napinga. Dada yangu hajakubali.* Chini nikaandika jina langu, halafu la baba, maana ndilo jina langu la pili. Nikaisukuma chini ya mlango. Ikaingia haraka, kama imevutwa na mtu aliye ndani.