Lango la Pili la Mzee Schirmer

Mji wa Wirrapunga ulikuwa na hoteli moja na makanisa mawili yasiyosalimiana. Waliopima viwanja walisahau kupima mvua, kwa hiyo wakazi waliobaki ni kunguru na kondoo wa mzee Schirmer.

Noelene Tregenza, dereva mstaafu wa basi la shule, aliibembeleza hoteli hiyo miaka kumi na moja. Alishapiga picha nusu ya magofu ya Australia Kusini: majiko yenye kutu, mabafu yaliyojaa njiwa. Lakini hoteli imo ndani ya shamba la Schirmer, na Schirmer alikuwa bingwa wa kusema hapana. Mwaka huu ukuta wa hoteli ulipoanza kuinama, akalegea. Alimpa Jumamosi apige nje, Jumapili apige ndani. Sharti moja: kila lango aliache alivyolikuta.

Jumamosi saa tisa alasiri yeye na mumewe walikuwa kilomita themanini kutoka hapo, wakirudi mjini. Noelene alikuwa kwenye usukani. Mume, Lyall, fundi saa wa mjini, alikuwa anatafuna mkate wa nyama.

"Wakulima nao wazembe," alisema Lyall. "Lile lango la pili tumelikuta wazi asubuhi. Nimemfungia mzee."

Noelene alikanyaga breki. Asubuhi nzima macho yake yalikuwa kwenye kamera.

"Umelifunga?"

"Kuingia na kutoka. Kunishukuru huwezi?"

"Birika la maji ya kondoo liko upande gani, baba?"

Lyall akaacha kutafuna. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na nne. Simu haikuwa na mtandao.

Gari likageuzwa. Vumbi likawa mkia.

"Pengine wamelala kivulini," alisema Lyall.

"Kivuli gani? Umeuona mti pale?"

"Wana manyoya, yanawakinga..."

"Nyamaza, Lyall."

Magofu yana raha yake, hayasikii kiu. Noelene alihesabu saa tangu asubuhi: nane. Akaongeza mwendo, na yeye miaka thelathini ya basi hakuwahi kuvuka kilomita themanini kwa saa hata watoto walipotapika.

Waliwakuta kondoo wamejibana langoni, mamia, midomo wazi, kimya. Kondoo wakipiga kelele kuna nafuu. Hawa hawakuwa na sauti. Lyall alishuka mbio, mnyororo wa lango ukamponyoka mara mbili. Lango lilipofunguka walimpita kama hayupo. Jike mmoja alibaki chini. Noelene alimletea maji kwa kofia. Hakuyanywa.

Pikipiki ya mzee Schirmer ilikuja taratibu. Alimwangalia yule jike, akaangalia lango.

"Nani alifunga?"

Lyall alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Mimi," alisema Noelene. "Mimi ndiye uliyenipa ruhusa."

Mzee akazima pikipiki. "Asubuhi nani aliendesha?"

"Mimi."

"Basi usinidanganye, mama. Tangu lini dereva akashuka kufungua malango na abiria yupo?"

Lyall akakohoa. "Nilidhani ninasaidia, mzee."

"Umesaidia. Shika miguu ya nyuma."

Walimpakia jike kwenye gari la Noelene, juu ya blanketi lake la kufungia lenzi, wamfikishe nyumbani kwa mzee. Schirmer akawasha pikipiki.

"Kesho mwanga unaingia baa ya hoteli saa moja asubuhi," alimwambia Noelene. "Uje peke yako. Kwenye malango utashuka mwenyewe."