Mgiriki wa Malakia na Kijiji Chake

Niliajiriwa kuhesabu watu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Hiyo ndiyo sababu niliyopewa, na sikuuliza zaidi. Ilikuwa mapema miaka ya sabini. Vita vilikuwa vimesimama, na sisi tuliokimbilia Uganda tulikuwa tunarudi Juba kwa malori, familia nzima zikiwa juu ya magunia na magodoro. Mimi niliondoka nikiwa msichana wa shule ya msingi, nikarudi na cheti cha sekondari, Kiingereza, Kiswahili cha Uganda, na Kiarabu cha Juba kilichokuwa kimeota kutu mdomoni.

Tulifundishwa kazi kwa wiki moja, kisha nikapewa mkoba, penseli, bunda la fomu na chaki ya kutia alama kwenye milango ya nyumba nilizomaliza. Eneo langu lilikuwa mtaa wa Malakia. Maswali yalikuwa mepesi kuyasoma. Nani amelala hapa usiku wa jana? Ulizaliwa wapi? Kabla ya hapa ulikuwa unakaa wapi? Lakini kwa watu waliokuwa wamefungua mizigo juzi tu, swali la wapi lilikuwa kama kumtaka mtu avue shati uone kovu.

Mama mmoja alinipangia watoto wake wanne ukutani. "Huyu Koboko," akasema. "Huyu Arua. Huyu Bombo. Na huyu," akampapasa kichanga kichwani, "huyu juu ya lori."

"Upande gani wa mpaka, mama?"

"Lori ilikuwa inakwenda, binti. Mimi nitajua mpaka iko wapi?"

Nikaandika Juba. Mungu anisamehe, fomu haikuwa na nafasi ya lori.

Siku ya tatu nilifika kwenye duka la Mgiriki. Kila mtu alimwita hawaja, kama watu wa Juba wanavyomwita Mzungu yeyote, naye aliitika. Aliuza chumvi, sabuni za mche, taa za chemli, vitambaa na samaki wa kopo. Alikuwa ameletwa Sudan na mjomba wake akiwa na miaka kumi na miwili, na ujana wake ulikwisha barabarani kati ya Juba, Yei na mpaka wa Kongo, akiuza bidhaa kwa lori. Kiswahili alikiokota huko, nacho kilikuwa hivyohivyo, cha kuokota.

Mke wake nilikuwa namjua. Alikuwa mwanamke wa hapahapa Juba, na kule Arua alikuwa jirani yetu. Yeye na mama yangu walitwanga muhogo kwenye kinu kimoja kwa miaka saba. Vita vilipozidi, mumewe alibaki na duka. Mzungu mwenye duka aliweza kuachwa salama. Mwanamke wa hapa hakuwa na hakika hiyo, kwa hiyo alikimbia peke yake. Hawakujaliwa watoto. Sasa alikuwa amerudi, na wawili hao walikuwa wakizoeana upya, wakipishana mlangoni kwa adabu kama wageni.

"Mkuu wa kaya ni nani?" nikauliza.

Mgiriki akamwonyesha mkewe. "Huyu."

Mkewe akacheka. "Andika yeye. Mimi nimerudi juzi."

"Ulizaliwa wapi, mzee?"

Akanitajia kijiji chake herufi moja moja, akiangalia penseli yangu isikosee. "Iko kisiwa. Mlima, mawe, mizeituni. Wewe naandika?"

"Naandika."

"Andika pia hakuna watu."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliinama chini ya kaunta akatoa kopo la biskuti lililojaa barua. Zilitoka kwa dada yake, aliyemwacha bado msichana. Akaanza kunitafsiria moja, mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya herufi nisizozijua. Mwalimu amehamishwa kwa sababu watoto waliobaki ni watatu. Mwoka mikate amefunga tanuri. Vijana wamekwenda Ujerumani, wako viwandani, wanatuma picha wakiwa wamevaa makoti. Wengine wamepanda meli kwenda Australia, na hao hata picha hawatumi. Jumapili kasisi anawasomea misa wanawake wazee.

Mpaka siku ile nilidhani Ulaya ni mahali ambapo watu huenda. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna Mzungu anayefunga mlango wake na kwenda kutafuta kibarua kwa Mzungu mwingine.

"Huku watu iko narudi," Mgiriki alisema, akirudisha barua kwenye kopo. "Kule watu iko natoka."

Niliandika namba mlangoni kwa chaki nikaenda nyumba ya pili.

Kazi ya kuhesabu ilipokwisha nilibakizwa ofisini kupanga fomu, na jioni nilizoea kupitia dukani kuongea na mke wa Mgiriki. Ndiyo maana nilikuwepo barua mbaya ilipofika. Dada yake Mgiriki alikuwa ameteleza uani akavunjika nyonga. Alilala chini siku mbili. Hakuna jirani aliyesikia, kwa sababu nyumba ya kulia ilikuwa imefungwa na ya kushoto pia. Kasisi ndiye aliyemkuta.

Mgiriki aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaikunja ndogo sana.

"Twende wote," akamwambia mkewe.

Mkewe alikuwa anapima chumvi. Alimaliza kuipima, akamkabidhi mteja, akangoja atoke.

"Mimi nimekaa miaka saba katika nchi ya watu," alisema. "Nimeomba kuni kwa watu. Nimeomba shamba kwa watu. Kila msimu nimeulizwa, nyinyi mtarudi lini? Sasa nimerudi. Nenda ukamwone dada yako, ni haki yako. Mimi nitafungua duka asubuhi."

"Na mimi kama hapana rudi?"

"Basi utakuwa umerudi kwenu. Nitalia, lakini sitakulaumu."

Nilitazama sabuni niliyoshika kana kwamba imeandikwa kitu. Mgiriki alitoka nje akasimama barabarani kwa muda mrefu, mikono nyuma.

Aliondoka kabla ya mvua. Uwanja wa ndege siku zile ulikuwa banda la mabati na mwarobaini, na ndege ya Khartoum ilisubiriwa kama mgeni asiyetaja saa. Alibeba sanduku moja na mfuko wa karanga za kumpelekea dada yake. Hawakukumbatiana, watu walikuwa wanaangalia. Mkewe alimkung'uta vumbi begani, mara mbili, basi. Kabla ya saa sita alikuwa amefungua duka.

Barua zilianza kuja baada ya mwezi na nusu. Mke hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Mgiriki aliandika Kiswahili chake jinsi kilivyomtoka mdomoni, maneno yameunganishwa kama mizigo ya lori, na mara nyingi ilinibidi nisome kwa sauti ndipo nielewe. Dada mzima kidogo. Mguu hapana nzuri. Baridi mingi. Nakumbuka wewe.

Barua ya tatu ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Alisema amepanda mlimani alfajiri na kuhesabu nyumba zenye moshi. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba nyingi, kuta zake bado imara, lakini moshi ulitoka katika kumi na moja tu. "Sema binti ya sensa," aliandika, "mimi iko nafanya kazi yake hapa." Halafu akaeleza kwamba wazee wa kwenye mgahawa wanamwita Msudani, na kila siku wanamuuliza, Msudani, utarudi lini kwenu?

Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge.

"Kumbe na kule wanauliza," akasema.

Mvua zikaingia, barabara zikakatika, na barua zikakoma. Mwezi wa kwanza tuliilaumu posta. Wa pili tuliulaumu mto. Wa tatu hatukuwa na wa kumlaumu. Majirani walianza kumpa ushauri ambao hakuuomba. Mmoja alimwambia hawaja akishavuka bahari amekwisha kuwa hadithi. Yeye aliwajibu kwa kuwauliza wanataka chumvi kiasi gani. Lakini jioni moja nilimkuta amekaa ndani, duka limefungwa kabla ya wakati, barua zote mapajani.

"Nisomee tangu ya kwanza," akasema. "Polepole. Usiruke hata moja."

Nilizisoma zote. Alikuwa anatikisa kichwa penye makosa, kama mtu anayesikiliza sauti yenyewe, si maneno. Nilipomaliza alisema tu, "Nilimwacha hapa nikamkuta hapa. Miaka saba. Na mimi naweza kungoja." Nilikuwa kijana, na nilidhani kungoja ni kukaa bure.

Simu ya maandishi ilifika mwanzoni mwa kiangazi. Mjumbe wa posta alinikuta dukani, nikaifungua mimi.

"Nakuja Jumanne na dada," nikasoma.

"Na dada?"

"Na dada."

"Dada gani?"

"Mama, ana dada mmoja tu."

Akakaa juu ya gunia. Mgonjwa, mzee, mguu mbovu, akawa anasema. Atalala wapi? Atakula nini? Nani ataongea naye? Kisha akainuka ghafla akaniambia nikamwite fundi, kwa sababu kitanda cha chumba cha nyuma kilikuwa juu mno kwa mtu aliyevunjika nyonga.

Jumanne ndege haikuja. Ilikuja Alhamisi. Mgiriki alishuka kwanza, amekonda, akageuka kumpokea mtu mlangoni. Dada yake alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomtarajia, amejitanda shali, miguuni soksi za sufu katika joto lile, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili sufuria ya shaba ambayo hakumruhusu mtu yeyote amshikie. Alisimama chini ya ngazi akikunja uso kwa jua. Watu wa mizigo walisimama kumwangalia. Wazungu tulizoea kuwaona wakishuka na kamera au na vitabu. Huyu alishuka na sufuria.

Mama yule alitembea mpaka mbele yake. Hakuwa na neno hata moja la Kigiriki, na bibi yule hakuwa na neno la lugha yoyote ya kwetu. Akaikamata sufuria kwa mikono miwili, akaivuta polepole, nayo ikaachiwa.

"Wifi," akasema.

Mgiriki akaanza kutafsiri.

"Nyamaza wewe. Tunaelewana."

Siku chache baadaye Mgiriki alitusimulia. Barua alikuwa ameziandika hata wakati wa mvua. Zilifika zote pamoja mwezi uliofuata, zimelowa. Alitaka kubaki kule mpaka dada yake afe, kisha arudi. Dada ndiye aliyekataa. "Anasema, hapa mimi nikikufa nani nabeba? Vijana ya kubeba iko Ujerumani. Mimi nasema, Juba iko joto, iko mbali, hapana mtu ya dini yetu. Yeye nauliza, iko watoto? Nasema, mingi sana, mpaka kelele. Basi, anasema, twende."

Nilimsindikiza bibi yule na kaka yake ofisi ya uhamiaji kupata kibali chake cha kukaa. Ofisa alikuwa kijana aliyerudi kutoka Gulu. Tulijuana kwa sura. Alizoea kuandikia watu waliokuwa wanarudi kwao. Aliishika pasipoti mpya kabisa ya mwanamke aliyekaribia miaka sabini, akaigeuza.

"Sababu ya kuja?"

Bibi alijibu kwa maneno mengi, fimbo ikigonga sakafu. Kaka yake akafupisha. "Anasema, huku iko watu."

Ofisa alimwangalia, akaniangalia mimi. "Hiyo niiandike vipi?"

"Andika familia," nikasema, naye akaandika.

Bibi aliishi Malakia miaka minne. Soksi za sufu alizivua wiki ya pili na hakuzivaa tena. Kiarabu cha Juba alijifunza kwa kubishana na wauza nyanya wa soko la Konyokonyo. Watoto wa mtaa walimwita haboba, yaani bibi, na alfajiri walipiga foleni nyuma ya duka, ambako yeye na wifi yake walikuwa wamejenga tanuri la udongo na kuoka mikate. Waligombana kila siku kuhusu chumvi, mmoja kwa Kigiriki na mwingine kwa Kibari, na hakuna aliyewahi kushinda. Mgiriki aliniambia hajawahi kuona dada yake anafurahi hivyo. Nilimuuliza anajuaje kwamba ni furaha. "Anapiga kelele," akasema. "Kule alikuwa kimya."

Bibi alifariki asubuhi moja akiwa amekaa kwenye kigoda, akisubiri tanuri lipoe. Siku ya mazishi mama yule alimuuliza mumewe wanawake wa kijiji kile huomboleza vipi. Mumewe akamwambia kwamba huvaa nyeusi, na kwa ndugu wa karibu huivaa mwaka mzima. Alisema vile bila kufikiri. Kesho yake mkewe alishusha kitambaa cheusi rafuni, akashonesha magauni mawili, akaanza kuyavaa, katika jua lile la Juba linalochoma hata nyeupe. Baada ya miezi mitatu Mgiriki alimsihi aache, akasema inatosha, hakuna atakayemlaumu. Nilikuwa nimekaa nao, nikaona jasho likimtiririka shingoni.

"Wifi hana mwingine wa kumvalia," akasema, akaendelea kupima chumvi.